Mmea wa makuta ndani ya tangi la samaki: shajara ya mradi, Lubumbashi, Machi hadi Novemba 2024

9 Machi 2024: tangi, taa na mche

Ninaanza shajara hii ili mtu mwingine wa mji huu anayetaka kuotesha mmea katika tangi la samaki aweze kuifuata kazi hatua kwa hatua, na ikiwezekana ayaruke makosa yangu. Mmea niliouchagua unaitwa kwa Kilatini Lysimachia nummularia. Asili yake ni Ulaya, ambako hutambaa kwenye ardhi yenye unyevu, na Carl Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyeupa jina hilo mwaka 1753. Neno la pili la jina linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya sarafu, kwa sababu majani yake ni ya mviringo na yamepangwa mawili mawili kwenye shina. Mama Mkubwa, ambaye ana chungu chake kinachoning'inia barazani, amekuwa akiuita majani ya makuta bila kumsoma Mlatini yeyote. Yeye aliyashika makuta yenyewe, yaani sarafu za zamani za Kongo, wakati yalipokuwa bado yananunua kitu sokoni. Nami nitauita hivyo.

Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hauhitaji maji ya moto, na nyumba zetu hapa, zikiwa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, huwa baridi sana usiku wa Juni na Julai. Pili, huzaliana kwa kipande cha shina tu: kila kifundo kinachogusa udongo wenye maji hutoa mizizi. Nchi kavu mmea huu hulala chini. Majini, kwa kawaida, husimama wima. Ninachotaka kujua ni kama unaweza kulazwa hata majini, ufunike sakafu ya tangi.

Tangi nimelitengenezesha kwa fundi wa vioo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35, kwa kioo cha milimita 6. Vioo, kazi na silikoni vimegharimu dola 34. Taa ya LED ya wati 18 yenye mwanga mweupe ni dola 9, saa ya kuwashia na kuzimia taa dola 6, kichujio cha sponji pamoja na pampu yake ya hewa dola 12, kipimajoto dola 4, na karatasi za kupimia uchachu wa maji dola 7. Mchanga wa mto, mabeseni mawili, ni dola 2. Mche nimepewa bure.

23 Machi 2024: udongo wa kichuguu

Kosa la kwanza lilitoka kwenye udongo. Kila mtu hapa anajua thamani ya kichuguu: ndicho kinachofinyangwa matofali, ndicho kinachorutubisha mboga, na vichuguu vya pori la Katanga ni vikubwa kiasi cha kumfanya mgeni adhani ni vilima. Nikawaza kwamba kinacholisha mchicha kitalisha pia mmea wa majini, nikaweka tabaka la sentimita 2 la udongo wa kichuguu chini ya sentimita 5 za mchanga.

Nilijaza maji kwa kuyamimina kutoka kwenye ndoo. Mdogo wangu aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Yaya, umepika chai ya maziwa." Nilisubiri maji yatulie. Siku ya tatu sikuweza kuona kidole changu nilichokitia sentimita 10 ndani ya maji. Siku ya kumi na moja nilikiona, lakini ukungu wa rangi ya tofali ulikuwa bado umetanda, na kila kiputo kilichotoka kwenye kichujio kiliutimua upya. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, sponji haizishiki.

Karatasi ya kupimia ilinionyesha jambo jingine. Maji ya bomba niliyoyalaza kwenye ndoo usiku mmoja yalikuwa kwenye 7, yaani katikati ya kipimo (chini ya hapo ndiyo uchachu), ila yale ya tangi yalipanda hadi kati ya 8 na 8.5. Nilichukua kidonge kidogo cheupe kilichokuwa ndani ya udongo ule, nikakidondoshea siki, kikatoa povu. Ni chokaa, ambayo hujikusanya ndani ya vichuguu. Mmea wa makuta huvumilia maji yenye chokaa, kwa hiyo hilo peke yake lisingenirudisha nyuma, ila matope yalinirudisha.

Nililimwaga lote. Kazi ya kuosha mchanga ilichukua siku nzima na maji ya bidoni saba, nikiuosha beseni kwa beseni hadi maji ya juu yawe safi. Sasa sakafu ni mchanga mtupu, na wakati wa kujaza ninaweka sahani juu ya mchanga kisha ninamimina juu ya sahani, na mchanga hautimki tena. Atakayeiga kazi hii aanzie hapa. Udongo wa kichuguu auachie bustani.

14 Aprili 2024: fungu lililooza

Tarehe 24 Machi nilikata mashina 20 kutoka kwenye chungu cha Mama Mkubwa, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 10 hivi, nikayafunga pamoja kwa mpira mwembamba na kuyachomeka katikati ya mchanga kama shada la maua. Nilifanya hivyo kwa sababu lilipendeza. Baada ya siku tisa majani ya chini yalikuwa ya manjano, kisha yakawa kama karatasi iliyolowana, ukiyagusa yanabaki kidoleni. Nilipofungua mpira, mashina 13 yalikuwa yameoza sehemu ya ndani ya fungu, ambako hapakufika mwanga wala mkondo wa maji.

Mambo mawili yalitendeka kwa wakati mmoja, na yafaa kuyatenganisha. Kuoza kwa mashina kulitokana na kubanwa. Kuanguka kwa majani ya zamani, kwa upande mwingine, ni jambo lisiloepukika: jani lililokulia hewani limejengwa kwa ajili ya hewa, na linapozamishwa mmea hulitupa na kuunda jingine jembamba zaidi linaloweza kuvuta chakula na hewa kutoka majini. Nisingejua hilo ningeung'oa mmea wote na kuutupa.

Mashina 7 yaliyosalia niliyapanda upya moja moja, umbali wa sentimita 3 kati ya shina na shina. Kila shina nililitoa majani kwenye vifundo viwili vya chini, nikalichomeka kwa kibano cha nyusi ili vifundo hivyo vizame mchangani. Mizizi hutokea kwenye vifundo hivyo. Niliongeza mashina mengine 12 kwa utaratibu huo huo. Mama Mkubwa aliponiona narudi na mkasi alisema, "Mwanangu, mmea huu haupendi kubembelezwa. Uweke tu, uondoke."

Tangi likiwa limekaa na maji safi wiki tatu, nimeingiza gapi 6, samaki wadogo wa mapambo, kwa dola 6, na konokono kadhaa waliokuja bure pamoja nao.

12 Mei 2024: saa iliyochelewa

Mashina 16 kati ya 19 yameshika. Majani mapya ni ya kijani hafifu kuliko yale ya barazani, laini, na mapana kidogo zaidi. Vidoadoa vyeusi vinavyoonekana ukiliinua jani la nchi kavu dhidi ya jua ni vigumu zaidi kuviona kwenye haya ya majini. Kila shina limeongezeka sentimita 5 hadi 7 tangu kupandwa.

Hata hivyo mwani umevamia. Ulianza kama vumbi la kijani kwenye kioo, ukawa nyuzi kwenye ncha za majani. Nilikuwa nimepanga taa iwake saa kumi kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, nikaamini hivyo ndivyo ilivyo. Usiku mmoja niliamka saa nane kunywa maji nikakuta sebule inang'aa.

Saa ya kuwashia taa niliyoinunua ni ile ya gurudumu linalozungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika, gurudumu husimama. Ukirudi, huendelea kutoka pale liliposimama. Katika wiki moja ya kukatikakatika, saa yangu ilikuwa imechelewa kwa zaidi ya nusu siku. Hivyo tangi lilipata mwanga wa dirisha mchana kutwa, kisha mwanga wa taa usiku kucha. Mwani haukuweza kutamani zaidi.

Nimenunua saa nyingine yenye betri yake ndogo ndani, dola 11, ambayo huendelea kuhesabu hata umeme usipokuwapo. Nimepunguza muda wa taa uwe saa saba, na nimelisogeza tangi mita moja na nusu kutoka dirishani. Nyuzi za mwani nazitoa kwa kuzizungusha kwenye mswaki wa zamani. Tayari zimepungua. Kama ningeanza upya ningenunua saa ya betri siku ya kwanza, kwa sababu katika mji ambao umeme huja na kwenda, ile ya gurudumu haina kazi yoyote.

16 Juni 2024: baridi, chupa ya hamira na jiwe la kijani

Hii ndiyo sehemu ngumu ya shajara.

Baridi imeingia. Alfajiri ya tarehe 3 Juni maji yalikuwa nyuzi 17. Mmea ulipunguza mwendo, takriban sentimita 1.5 kwa wiki, lakini ulikuwa na afya. Mimi ndiye niliyekosa subira. Nilisikia kwamba hewa ukaa huharakisha mimea ya majini, na kwamba inaweza kutengenezwa nyumbani: chupa ya lita 2, gramu 200 za sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu, na mpira mwembamba unaopeleka viputo ndani ya tangi. Sukari na hamira ni dola 2. Chupa niliiweka jikoni karibu na jiko, mahali penye joto, na viputo vilianza baada ya saa chache.

Siku hiyo hiyo nilifanya jambo la pili, ambalo sikulihesabu kuwa jambo. Mdogo wangu hushughulika na mapambo ya malakiti, jiwe la kijani lenye mistari ambalo wageni hulinunua hapa likiwa limechongwa yai, tembo au kisanduku. Alinipa yai moja lililopasuka upande, nikaliweka mchangani kati ya mashina. Lilikuwa zuri mno chini ya taa.

Siku ya nne konokono mmoja alikuwa sakafuni, amejikunja ndani ya gamba. Siku ya tano walikuwa wote. Siku ya sita gapi walikuwa juu ya maji wakivuta hewa kwa nguvu, na kufikia jioni wanne walikuwa wamekufa. Ncha mpya za mmea zilijikunja na kingo za majani madogo zikawa za manjano.

Nililaumu baridi. Nilifunika tangi kwa blanketi pande tatu, na nilipoteza siku mbili kwa kufanya hivyo.

Kilichonifumbua macho kilikuwa beseni la uani. Nilikuwa nimetupa humo konokono wachache na vipande vya mmea mwezi Mei, pamoja na maji ya tangi ya wakati huo. Asubuhi ya tarehe 12 kipimajoto kilionyesha nyuzi 11 ndani ya beseni, na konokono walikuwa wakitembea, polepole lakini wakitembea, juu ya majani ya kijani yasiyo na kasoro. Basi baridi haikuwa muuaji.

Nilipima maji ya tangi: yalikuwa yameshuka hadi karibu na 6. Nililitoa yai la malakiti, nikachukua kipande kidogo kilichobanduka nalo na kukitia ndani ya kikombe cheupe chenye siki ya uvuguvugu. Viputo vidogo vilipanda kutoka kwenye mistari ya jiwe, na baada ya nusu saa siki ilikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, kama maji ya bati la shaba lililoachwa nje. Malakiti ni shaba iliyoungana na kaboneti. Hewa ukaa ikiingia majini huyafanya yawe na uchachu, na uchachu hulimumunya jiwe hilo. Shaba kidogo tu majini humuua konokono, na samaki hufuata. Kwa mikono yangu miwili, kutoka pembe mbili za nyumba, nilikuwa nimetengeneza sumu.

7 Julai 2024: kuosha shaba

Nimetoa jiwe na nimeiondoa chupa ya hamira. Nimebadilisha nusu ya maji mara nne, kila baada ya siku mbili, kwa maji ya bomba yaliyolala ndooni siku nzima ili klorini itoke. Gapi wawili waliosalia niliwaweka kwenye ndoo tofauti tangu jioni ile, wamenusurika. Mchanga nimeuosha tena nusu yake, kwa wasiwasi zaidi kuliko kwa hakika.

Kipimo changu cha usalama ni konokono. Nilichukua watatu kutoka beseni la uani, nikawaweka ndani ya chupa ya mayonezi iliyojazwa maji ya tangi, na kuwaangalia kwa siku tano. Baada ya mabadiliko ya pili ya maji, wawili walijikunja. Baada ya ya nne, wote watatu walikuwa wakipanda kioo cha chupa. Hapo ndipo niliporudisha samaki.

Kuhusu hewa ukaa, ninaandika wazi: mmea wa makuta hauihitaji. Ulikua mwezi wa Aprili na Mei bila kitu chochote isipokuwa mwanga, mchanga na samaki, na hata wakati wa sumu ulipoteza ncha tu. Vifundo vya chini vimetoa vichipukizi vipya. Kuhusu mawe: katika mji uliojengwa juu ya shaba, kila jiwe lenye kijani au buluu libaki nje ya tangi, na jiwe jingine lolote lipite kwanza kwenye kikombe cha siki.

25 Agosti 2024: kuulaza mmea

Maji yamerudi nyuzi 21 alfajiri na mmea unakwenda kasi. Sasa ninarudi kwenye swali la mwanzo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kulaza mashina juu ya mchanga na kuyakandamiza kwa vijiwe. Ndani ya siku nne kila ncha ilikuwa imejipinda kuelekea taa, na shina lililobaki chini ya kijiwe lilianza kuoza pale lilipobanwa. Jaribio la pili lilitumia chupio za nywele. Zilishika vizuri, lakini wiki ya pili zilikuwa na kutu. Jaribio la tatu lilitumia waya usioshika kutu uliotoka kwenye kichujio cha chai kilichovunjika, uliokatwa vipande vya sentimita 4 na kukunjwa kama herufi U. Huo umefaa.

Matokeo yake siyo zulia, lakini ni kitu ninachokipenda zaidi. Shina lililolazwa na kushikwa kwa waya hutoa mizizi kila kifundo, na kutoka kila kifundo huinuka vichipukizi viwili. Shina moja la sentimita 14 nililolilaza tarehe 28 Julai leo lina vichipukizi 11, vyote vimesimama. Ukikata vichipukizi hivyo sentimita 5 juu ya mchanga, kila kimoja hugawanyika tena. Baada ya kukata mara mbili, upande wa mbele wa tangi una ua mnene wa majani ya mviringo, wa kimo cha vidole vinne, na gapi hupita chini yake kama watu wapitao chini ya mwembe. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba shina la mama hulala na watoto wake husimama, na mkono wa mtunzaji ndio unaoamua wasimame kwa kimo gani.

Mkato ufanywe juu tu ya kifundo. Nilipokata katikati, kipande kilichobaki juu ya kifundo kilioza na kuchafua maji.

13 Oktoba 2024: joto, na mbolea iliyojaribiwa kwenye chupa

Oktoba ndiyo miezi yetu yote ya joto iliyokusanywa katika mmoja. Maji yamefika nyuzi 28 mchana. Mmea umerefuka kwa sentimita 4 kwa wiki lakini umekonda, nafasi kati ya jani na jani imekuwa kubwa, na kijani kimefifia. Nimeinua kifuniko cha tangi kwa vijiti ili mvuke utoke, na kila jioni ninabadilisha lita 5 za maji kwa maji ya ndoo iliyokaa kivulini. Mambo hayo mawili pamoja hushusha nyuzi moja au moja na nusu, nayo yametosha kuzuia ncha zisilegee.

Jirani mmoja, mkulima mzuri wa mahindi, alinishauri kuzika chembe za mbolea ya NPK mchangani, nami nina deni la heshima kwake kwa sababu ushauri wake unafaa shambani. Safari hii sikuanza na tangi. Nilitia chembe tatu kwenye chupa ya mayonezi yenye mchanga, maji na shina moja, nikaiweka chini ya taa ile ile. Siku ya tisa maji yalikuwa ya kijani kama supu ya sombe, yaani majani ya muhogo, na shina halikuonekana. Tangi limebaki na mbolea ya samaki wake tu. Gapi wawili wamekuwa tisa.

10 Novemba 2024: juu ya maji

Mvua zimeanza, maji ni nyuzi 24, na majani yamerudisha rangi yake. Nyuma ya tangi niliacha mashina matano bila kuyakata, nione yatafanya nini. Manne yamefika juu. Yalipogusa hewa yaliacha kusimama: yalilala juu ya maji na kuanza kutambaa kuelekea ukingoni, kama yafanyavyo kwenye chungu cha barazani. Majani yaliyo nje ya maji ni magumu, yanang'aa, na vile vidoadoa vyeusi vimerudi. Shina moja lina majani ya aina mbili, na unaweza kuweka kidole mahali hasa ambapo moja linaishia na jingine kuanzia, kifundo kimoja juu ya uso wa maji.

Nimetumia jumla ya dola 93, nikihesabu saa mbovu, sukari, hamira na gapi wanne waliokufa. Mtu anayeanza leo bila kufuata njia yangu ya Machi na Juni ataepuka angalau dola 8 za saa ya gurudumu na chupa ya hamira, na atawaepusha samaki wake.

Leo asubuhi nilikata vipande 31 vya sentimita 10, nikavitoa majani kwenye vifundo viwili vya chini na kuviacha vielee ndani ya ndoo. Kumi ni vya Mama Mkubwa, ambaye ameomba kuona kama mmea wake utamtambua ukirudi chunguni. Kwa kuwa majani ya majini hunyauka upesi hewani, nitamfunikia chungu kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa, niongeze tundu moja kila siku kwa wiki mbili, na matokeo nitayaandika hapa.